Hedifoni nzuri kwa pesa kidogo: pa kutazama na pa kupuuza

Maandishi ya kwenye boksi la hedifoni hayasemi lolote kuhusu sauti utakayoisikia. Yatakwambia masafa ni hezi (mitetemo kwa sekunde) 20 hadi 20,000, kispika cha ndani ni cha milimita 50, besi ni nzito, na pembeni kutabandikwa nembo ya dhahabu. Karibu kila hedifoni iliyo sokoni hutoa mlio wa namna fulani kuanzia hezi 20 hadi 20,000. Swali ni kila eneo linatoka kwa nguvu kiasi gani likilinganishwa na mengine. Hezi 80 zikizidi eneo la kati kwa desibeli 15, mwimbaji atasikika kama yuko nyuma ya mlango, na boksi halitakuwa limesema uongo wowote.

Ukubwa wa kispika peke yake hauelezi kitu, na idadi ya vispika ndiyo inayopotosha zaidi. Iafoni, yaani ile ndogo inayoingia ndani ya sikio, ikiwa ya bei ya chini na yenye vispika vinne au vitano kila upande, inalazimika kuvigawia masafa. Mgawanyo ukifanywa kwa kulipua, vispika viwili hupiga eneo moja bila kwenda pamoja, sauti za juu zikakwaruza na sauti ya mtu ikapoteza uasili wake. Kispika kimoja kilichorekebishwa kwa uangalifu hushinda vitano vilivyojazwa ili namba ipendeze. Moondrop Chu na 7Hz Salnotes Zero, zote za mwaka 2022, zina kispika kimoja tu cha milimita 10 kila upande. Zimo katika kundi la bei ya chini kabisa, na mizani yake ya sauti inaziaibisha nyingine nyingi za bei mara kadhaa zaidi.

Bei nayo si kipimo cha sauti. Mwaka 2017 Jeroen Breebaart alichapisha uchunguzi wa vipimo vya hedifoni na iafoni 283, akakuta hakuna uhusiano kati ya bei ya dukani na umbo la sauti inayotoka. Kwa mwenye pesa kidogo hiyo ni habari njema yenye sharti: rahisi inaweza kuwa nzuri sana, ila bei haitakusaidia kuichuja. Ukiongeza pesa, mara nyingi unalipia chuma badala ya plastiki, mito laini zaidi, redio ya Bluetooth, betri, mfumo wa kufuta kelele na jina la chapa.

Mizani ndiyo sauti yenyewe

Ninapoulizwa ninunue ipi, huwa nauliza kwanza besi, sauti za kati na za juu za kifaa hicho zimekaaje, kisha ndiyo mengine yafuate. Watafiti wa kampuni ya vifaa vya sauti ya Harman, wakiwemo Sean Olive na Todd Welti, walianza mwanzoni mwa miaka ya 2010 kuwasikilizisha watu mizani mbalimbali bila kuwaonyesha chapa. Wengi walipendelea umbo linalofanana: besi imeinuliwa desibeli kadhaa chini ya hezi 100 hivi, eneo la kati limetulia, kisha kuna mwinuko mkubwa karibu na hezi 3,000. Mwinuko huo si madoido. Sikio la nje na tundu la sikio hukuza eneo hilo kwa zaidi ya desibeli 10 kila siku bila wewe kujua, na ubongo umezoea hivyo. Iafoni inayoingia ndani inaruka sikio la nje, kwa hiyo lazima irudishe yenyewe kile ilichokiondoa. Isiporudisha, sauti huwa kama imezibwa; ikizidisha, utachoka kabla albamu haijaisha.

Grafu za vipimo hivi zipo bure. Kwa iafoni, tovuti ya squig.link hukuwezesha kuweka mistari ya modeli mbili moja juu ya nyingine. Soma grafu kwa masharti matatu. Linganisha mistari iliyopimwa kwa mashine ileile tu. Usihangaike na tofauti ya desibeli 1 au bonde jembamba, kwa sababu sikio hushika zaidi vilima vipana, vile vinavyoenea eneo kubwa kwa desibeli 3 au zaidi. Na ukivuka hezi 8,000 usiuamini sana mstari: kwenye mashine nyingi za kupimia iafoni, ncha inayoonekana hapo hutegemea iafoni ilisukumwa ndani kiasi gani, na sikio lako lina urefu wake.

Ukishajua maeneo yanavyosikika, grafu inaanza kusomeka kwa sikio. Chini ya hezi 60 ni mtetemo, ule unaohisiwa kuliko kusikika. Kuanzia 60 hadi 120 ndipo ngoma kubwa na gitaa la besi huwa na mwili. Kati ya 150 na 300 ndipo uchafu wa iafoni rahisi hukaa: hapo pakivimba, kila kitu hunenepa na sauti za wanaume huwa na mvumo. Hezi 300 hadi 2,000 ni sauti ya binadamu na ala nyingi. Kuanzia 2,000 hadi 5,000 ni uwazi wa maneno. Kuanzia 5,000 hadi 9,000 ni herufi "s" na "sh" pamoja na makali ya matoazi, na hapa ndipo vifaa vya bei ndogo huharibu mara nyingi, kwa sababu makali kidogo humfanya msikilizaji wa dakika mbili dukani adhani anasikia undani zaidi.

Ndiyo maana jaribio la dakika mbili kwa muziki wenye kishindo halifai. Anza na mtu anayezungumza: taarifa ya habari au usomaji wa hadithi. Masikio yanajua sauti ya binadamu kuliko ala yoyote, na kasoro hujitoa zenyewe. Msomaji akiwa na kifua kikubwa kuliko kawaida, kuna uvimbe karibu na hezi 200. Akiwa mbali na mwembamba, eneo la kati limezama. Kila "s" ikichoma, umeshalipata tatizo ambalo halitapungua kwa kuzoea. Baada ya hapo weka wimbo unaoufahamu wenye mwimbaji na ala chache, halafu wenye besi ya kweli, na mwisho wenye ala nyingi kwa pamoja uone kama unaweza kufuata ala moja bila kujikaza.

Sawazisha sauti kabla ya kulinganisha vifaa viwili. Kilichozidi kwa desibeli 1 tu huonekana kuwa bora, na anayekuonyesha bidhaa anaweza kukupotosha bila hata kukusudia. Weka sauti ya mzungumzaji ilingane kwa vyote viwili, kisha badilisha. Usibadilishe kila sekunde tano. Kaa na kimoja wimbo mzima, kwa sababu ukali unaochosha hujulikana kwa muda.

Kuhusu "kukipasha" kifaa kwa kukiacha kipige saa mia: usimkubalie muuzaji anayesema kibaya cha leo kitakuwa kizuri mwezi ujao. Mito hulainika na kukaa vizuri zaidi, na ubongo huzoea. Mlio wa kispika chenyewe haubadiliki kiasi cha kugeuza kibaya kuwa kizuri, na muda wa kurudisha bidhaa unakuwa umepita.

Mkao, hasa kwa iafoni

Malalamiko mengi ya "haina besi" hayahusu kifaa. Besi ya iafoni hutegemea hewa iliyofungiwa kati ya kispika na kiwambo cha sikio. Pakiwa na mwanya mdogo sana, hewa hutoroka na besi huondoka nayo, huku sauti za juu zikibaki kama zilivyo. Unachosikia ni kifaa chembamba na chenye makali, na mtu huandika kwamba iafoni ni mbovu wakati raba, ile ncha laini inayoingia sikioni, ndiyo haijaziba.

Kupima ni rahisi. Cheza mlio wa hezi 50 kwa sauti ya chini, kisha sukuma iafoni ndani taratibu kwa kidole. Besi ikipanda ulipobonyeza na kushuka ulipoachia, hakuna mzibo. Panda saizi moja ya raba ujaribu tena. Usishangae sikio la kulia likitaka raba ya kati na la kushoto kubwa. Matundu mawili ya mtu mmoja mara nyingi hayalingani. Raba kubwa kupita kiasi nayo huleta tatizo: haiingii, inakaa mlangoni, mwanya unabaki. Namna ya kuvaa ni kuvuta ncha ya juu ya sikio kuelekea juu na nyuma kwa mkono wa upande wa pili, kuingiza iafoni huku ukiizungusha kidogo, kisha kuachia. Kwa iafoni ambazo waya wake hupita juu ya sikio, ondoa ulegevu wa waya nyuma ya sikio, la sivyo kila hatua unayopiga itavuta raba.

Raba hubadilisha sauti, si mzibo pekee. Zenye tundu pana huacha sauti za juu zipite zaidi. Zenye tundu jembamba huongeza uzito wa besi na kulainisha makali kidogo. Za povu huziba vizuri kuliko zote na hupunguza ukali wa juu, lakini huchakaa: zikishashindwa kurudi umbo lake ndani ya sekunde chache baada ya kufinywa, zibadilishe. Kwa iafoni ya bei ndogo, pakiti ya raba nzuri ndiyo nyongeza ya kwanza ninayoshauri, kabla ya waya mpya na kabla ya amplifaya (kikuza sauti) yoyote. Kabla ya kuagiza pima kipenyo cha shingo ya iafoni, kwa sababu raba ya shingo pana kwenye shingo nyembamba huchomoka na kubaki ndani ya sikio.

Ukisikia mlio mdogo wa karatasi kukunjika wakati wa kuvaa, huo ni utando wa kispika unaosukumwa na hewa. Kwa kawaida hauharibu kitu. Vaa polepole, au fungua mdomo wakati unaingiza.

Kwa hedifoni za kufunika sikio, adui wa mzibo ni miwani na nywele nyingi pembeni. Mguu mnene wa miwani huinua mto na kutoboa besi kwa njia ileile. Ukivaa miwani, jaribu hedifoni ukiwa nayo usoni, na upendelee mito minene iliyo laini. Hedifoni za mgongo wazi haziathiriki sana, kwa sababu hazikuundwa kuziba. Sauti yake hupumua na huonekana kutoka nje ya kichwa, ila jirani atasikia kila kitu nawe utasikia kila kitu cha jirani. Kwa chumba tulivu ndizo zinazotoa thamani kubwa zaidi kwa pesa. Philips SHP9500 ni mfano wa hedifoni ya aina hiyo ambayo hata simu inaiendesha. Koss Porta Pro, iliyotoka mwaka 1984 na bado inatengenezwa, ni ndogo, ya sponji na ya mgongo wazi pia, yenye besi nene ya kupendeza na mizani ambayo vifaa vingi vipya havijaifikia. Sony MDR-7506 ya mwaka 1991 imefungwa na ina uwazi mkubwa, lakini sauti zake za juu ni kali. Inafaa kuchunguza rekodi kuliko kustarehe usiku.

Waya au Bluetooth

Pesa ikiwa ndogo kweli na unachokitaka ni sauti, chukua ya waya. Katika iafoni ya waya pesa yote inakwenda kwenye kispika, gamba na waya. Katika isiyo na waya, pesa hiyohiyo inagawanywa kwa redio mbili, betri tatu, maiki, kasha na programu, kisha kinachobaki ndicho kinanunua sauti. Zaidi ya hapo ina tarehe ya kufa: betri ndogo zilizomo ndani yake hupungua nguvu mwaka hadi mwaka, na gamba limegundishwa kwa gundi, kwa hiyo kubadilisha betri karibu haiwezekani.

Hata hivyo kuna anayekimbia, anayefanya kazi za mikono, au ambaye simu yake haina tundu la jeki. Kwake Bluetooth ina maana, na ninamshauri asipotezwe na majina ya kodeki, yaani njia za kubana sauti ili ipite kwenye Bluetooth. SBC, ambayo kila kifaa kinayo, kwa kawaida hufika kilobiti 328 kwa sekunde na hutosha kwa usikilizaji wa kawaida. LDAC hufika 990, lakini mawasiliano yakiwa hafifu hushuka hadi 660 au 330. Kwenye kifaa rahisi, mizani mbaya utaisikia muda mrefu kabla hujasikia tofauti ya kodeki. Cha kutafuta ni kama programu yake ina ikolaiza ya kweli (ya kupandisha na kushusha kila eneo la sauti) inayohifadhiwa ndani ya kifaa chenyewe. Hiyo huokoa mengi.

Jambo moja huwashangaza wengi: hedifoni ya Bluetooth iliyokuwa nzuri hugeuka redio mbovu mara tu simu au mkutano wa kompyuta unapoanza. Haijaharibika. Maiki ikiwashwa, mawasiliano ya kawaida ya Bluetooth huhamia njia ya mazungumzo, isiyotenganisha kushoto na kulia na yenye masafa finyu. Kwenye kompyuta, chagua maiki ya kompyuta yenyewe katika mipangilio ya mkutano, na sauti itarudi.

Mfumo wa kufuta kelele katika bei ya chini hupunguza zaidi mvumo wa chini na unaoendelea, kama injini au feni, na hauwezi sana dhidi ya sauti za watu. Iafoni ya waya iliyoziba vizuri huzuia kelele nyingi bila umeme wowote, kwa hiyo usilipie mfumo huo kabla hujajaribu raba sahihi.

Omu, desibeli na adapta

Hapa ndipo pesa hupotea kwa kununua modeli nzuri isiyoendana na simu. Namba mbili ndizo muhimu: ukinzani kwa omu, na usikivu kwa desibeli, yaani sauti inayotoka kwa kiasi fulani cha umeme. Usikivu huandikwa kwa njia mbili, kwa miliwati moja au kwa volti moja, na watengenezaji hawaandiki sikuzote ni ipi. Tofauti si ndogo. Kifaa cha omu 32 chenye desibeli 100 kwa miliwati ni sawa na desibeli 115 kwa volti. Cha omu 16 tofauti hufika 18. Boksi likisema "118 dB" bila maelezo, karibu hakika ni kwa volti.

Adapta ndogo ya USB-C ya Apple, toleo la nguvu zaidi, hutoa volti 1 hivi. Kwa kifaa cha omu 32 na desibeli 100 kwa miliwati, hiyo ni desibeli 115 kwenye kilele, zaidi ya mahitaji ya mtu yeyote anayetaka kuendelea kusikia. Sasa chukua Beyerdynamic DT 770 Pro, ambayo imeuzwa kwa omu 32, 80 na 250. Ya omu 250 ina desibeli 96 kwa miliwati; volti 1 huipa desibeli 102 kwenye kilele, na nusu volti huipa 96 tu. Rekodi za kimya zitakuacha ukisukuma kitufe cha sauti kilichofika mwisho. Mwenye simu achukue ya 32 au 80. Kanuni ninayoitumia: kwa simu, iafoni yoyote ya omu 16 hadi 64 yenye desibeli 100 kwa miliwati au zaidi haihitaji amplifaya, na pesa ya amplifaya ingefaa kununua kifaa bora.

Ukinzani wa kinachotoa sauti nao una kazi. Uwe chini ya sehemu moja ya nane ya ukinzani wa hedifoni. Tundu la kompyuta ya zamani lenye omu 10 au zaidi likiunganishwa na iafoni ya omu 16 yenye vispika vingi huvuruga mizani: besi hupanda au sauti za juu huyumba, kwa sababu ukinzani wa iafoni hizo hubadilika kulingana na masafa. Adapta ya Apple ina omu 1 hivi, na haina shida hiyo. Ila kwenye simu nyingi za Android hutoa sauti ya chini kuliko uwezo wake, kwa kuwa simu haiinui kiwango cha ndani cha adapta. Kwa hizo tafuta adapta nyingine yenye chipu ya kubadilisha dijitali kuwa analogi. Adapta zisizo na chipu kabisa hufanya kazi tu kwa simu zinazotoa sauti ya analogi kupitia USB-C. Kwenye nyingine utapata ukimya.

Jeki yenye pete tatu nyeusi ina waya nne, pamoja na maiki. Ipo mipangilio miwili iliyobadilishana nafasi ya maiki na ya ardhi (waya wa kurudishia umeme). Dalili ya kutoendana ni ya pekee: mwimbaji hupotea na kubaki mwangwi na ala za pembeni. Ukibonyeza kitufe cha maiki na mwimbaji akarudi, umepata jibu. Suluhisho ni kiadapta cha kugeuza. Dalili hiyohiyo hutokea jeki ikiwa haijaingia hadi mwisho, hasa kava la simu likiwa nene, kwa hiyo toa kava kwanza.

Ukaguzi siku ya kununua

Fanya haya kabla muda wa kurudisha haujaisha. Cheza sauti ya upande mmoja mmoja uhakikishe kulia ni kulia. Kisha cheza mzungumzaji kwa njia ya mono, yaani sauti ileile pande zote mbili: lazima asikike katikati ya kichwa. Akielemea upande, geuza hedifoni kushoto iwe kulia. Akihamia upande wa pili, vispika havilingani na kifaa kirudi dukani. Akibaki palepale, chanzo ni simu au sikio lako. Asiposikika katikati wala pembeni bali ametawanyika, na besi imetoweka, waya za upande mmoja zimegeuzwa. Kwenye iafoni zenye pini mbili za milimita 0.78 hilo hurekebishwa kwa kuchomoa plagi moja na kuigeuza.

Mwisho, cheza mlio unaopanda polepole kutoka hezi 20 hadi 200. Hupaswi kusikia mkwaruzo wala mtikisiko. Ukiusikia, kuna unywele au uchafu kwenye utando, au gundi imeachia.

Feki hufuata umaarufu. AirPods, Beats na JBL hughushiwa sana, wakati iafoni ya waya ya chapa isiyojulikana na watu wengi haina faida kwa mghushi. Hiyo ni sababu nyingine ya kutokimbilia jina kubwa.

Ikolaiza ni bure

Kifaa chenye kispika safi na mizani iliyopinda kidogo kinaweza kunyooshwa. Mradi wa AutoEq wa Jaakko Pasanen una marekebisho tayari kwa maelfu ya modeli. Kwenye Android, programu ya Wavelet huyaleta kwa kuchagua jina la modeli; kwenye Windows, Equalizer APO pamoja na Peace hufanya hivyo. Jambo linalosahaulika ni kushusha kiwango cha jumla: kama sehemu iliyoinuliwa zaidi imepanda desibeli 6, shusha jumla kwa 6, la sivyo kilele cha wimbo kitakatwa na utasikia mkwaruzo na kuilaumu iafoni bure.

Baada ya hapo rekebisha kwa sikio lako. Kwa sauti ya chini, pitisha mlio polepole kati ya hezi 5,000 na 9,000. Utafika mahali mlio unaruka na kuchoma. Andika namba hiyo, weka kichujio chembamba cha Q 3 hivi (Q ni namba ya wembamba wake), na ukate desibeli 3 au 4. Kukata ni salama kuliko kuinua. Ukilazimisha hezi 30 zipande desibeli 10 kwenye kispika kidogo, kitaanza kuunguruma. Na ikolaiza haizibi mwanya wa raba wala haisawazishi vispika visivyolingana.

Usitumie ikolaiza wala kifaa kipya kama sababu ya kupandisha sauti. Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa mtu mzima kuwa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu: 83 ni saa 20, 86 ni saa 10. Mzibo mzuri hukusaidia hapa pia, kwani huna kelele ya nje ya kushindana nayo.

Kinachokufa kwanza

Waya hukatika mahali pawili: pale unapotoka kwenye jeki na pale unapogawanyika. Kama bei inakaribiana, chagua yenye waya unaochomoka. Moondrop Chu ya kwanza ilikuwa na waya wa kudumu, Chu II inachomoka, na hiyo pekee inatosha kuichagua. Chomoa kwa kushika plagi, si kwa kuvuta waya, na uzungushe waya kwa duara pana badala ya kuukaza kwenye simu. Anayelehemu jeki mpya akumbuke kwamba nyuzi za rangi ndani ya waya zimepakwa varnishi. Bila kuichoma kwa bati ya moto au kuikwangua, lehemu haishiki na upande mmoja utabaki kimya.

Mito ya ngozi bandia hubambuka. Kununua mipya pima kipenyo cha nje na unene, na utafute inayokaribia ile ya mwanzo kwa umbo na ngozi: mto wa kitambaa badala ya ngozi hupunguza besi, na mto mnene zaidi huisogeza spika mbali na kubadili sauti za kati.

Upande mmoja wa iafoni ukififia taratibu, usiutupe. Mara nyingi ni nta ya sikio kwenye wavu. Toa raba uioshe kwa maji ya sabuni na uikaushe kabisa. Shika iafoni tundu likitazama chini ili uchafu udondoke badala ya kuingia, usugue wavu kwa mswaki mkavu laini, kisha ugusishe kitambaa chenye spiriti kidogo, bila kudondosha tone. Usichome kwa sindano. Wavu ukizama, nyuma yake upo utando. Ikishindikana kabisa, nyavu za kubandika za milimita 4 hadi 5 huuzwa kwa pakiti. Pima ya zamani kabla ya kuibandua, na uweke ya aina ileile, kwa sababu wavu mzito zaidi hupunguza sauti za juu upande huo na mzungumzaji ataacha kukaa katikati.